Mbegu za Mama Kwenye Friji

Jana mchana niliota ndoto, na usiniambie nilikula kiporo, maana nilikula ndizi za kupika nilizozimenya mwenyewe asubuhi.

Kwanza ujue hali ilivyo. Mama yangu anaumwa. Yuko kwangu tangu Pasaka, na daktari alishatuambia tusitegemee mwaka mzima. Mama hakutamani nyama wala soda. Alitamani rasiberi nyeusi, yale matunda ya mwitu yenye miiba yaliyokuwa yanaota kando ya kijito cha shambani kwake. Kaka yangu Lugano alishang'oa kichaka chote apande parachichi. Zilibaki mbegu chache tu zilizokaukia kwenye fundo la kanga ya mama.

Bwana shamba, Mwaikenda, akanielekeza. Zisugue na msasa, maana zina ganda gumu. Zifukie kwenye mchanga wenye unyevu, uziweke kwenye friji miezi mitatu zilale, ndipo upande. Mwaka wa kwanza utaona fito tu. Mwaka wa pili fito zinazaa, zikishazaa zinakufa. Nilipiga hesabu ya miaka miwili pale pale mbele yake, nikaona aibu kulia. Sasa ni mwezi wa pili zimo kwenye friji, ndani ya kopo la siagi.

Basi, nikajilaza kidogo, nikaota.

Nafungua friji nichukue maziwa. Maziwa hayapo. Kuna bweni refu, vitanda pande zote mbili, na kila kitanda kina mbegu moja imejifunika mchanga mpaka kidevuni. Sikujua mbegu zina kidevu. Mlangoni mbegu moja nene imekaa na daftari.

"Moja," inasema.

"Moja nini?"

"Tunahesabu siku tisini za kulala. Kila unapofungua mlango tunaanza upya. Leo asubuhi umefungua mara nne."

"Nilikuwa natafuta nyanya!"

"Sisi hatujui nyanya. Moja."

Jamani! Miezi miwili yote ziko kwenye moja. Nilitaka kuikwapua ile mbegu niipige kofi, lakini nikaona nitakuwa nimempiga mgeni wa mama. Nikapiga magoti, nikaanza kubembeleza. Nikaeleza habari ya mama, daktari na Lugano na parachichi zake. Bweni zima likasikiliza. Mwisho mbegu ya kitanda cha pembeni ikainua mkono, ikauliza kama nimekuja na msasa, maana mgongo unaiwasha.

"Sina."

"Basi tumezwe," ikasema ile nene. "Kuna njia mbili za kulainisha ganda, msasa au tumbo la ndege. Chagua, dada, unaingiza joto."

Kabla sijachagua, ndege aina ya shore akaingia na kishungi chake, amevaa mabuti ya mvua ya Mwaikenda. Nikamwamkia. Hakuitikia. Akameza mbegu kitanda kwa kitanda, akafika kwangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Na huyu?"

"Huyo ni msindikizaji," mbegu nene ikajibu kutoka kooni.

Akanimeza na mimi.

Tumboni mwa shore kuna benchi la kusubiri kama la zahanati. Mbegu zimekaa kwa mstari, zimetulia. Na mwisho wa benchi, loo, kakaa mama yangu, na kanga yake na soksi zangu za sufu.

"Bupe," akasema, "mbona umechelewa? Watu tumefika tangu asubuhi."

"Mama, hapa ni wapi?"

"Wewe kaa, utaitwa."

Nikakaa. Sikuelewa chochote, lakini foleni ilikuwa inasogea, na foleni ikisogea mtu unaona bora usiulize. Mbele kabisa ulisimama ufito wa rasiberi, mrefu, miiba mpaka masikioni, na miwani. Kila anayefika anaulizwa swali moja tu.

"Mwaka wa kwanza au wa pili?"

Anayesema wa kwanza anapita mlango wa kushoto, unamsikia huko nje anarefuka. Anayesema wa pili anapita kulia. Huko kulia hakukuwa na sauti yoyote.

Hapo tu ndipo akili ilipofanya kazi. Nikamshika mama mkono.

"Sema wa kwanza."

"Niseme uongo na umri huu?"

Tukafika. Ufito ukainama, ukamnusa mama. "Huyu ameshazaa?"

"Hajazaa," nikadakia.

"Nina watoto sita," mama akasema.

"Anachanganyikiwa, ni ugonjwa. Hana mtoto hata mmoja."

Ufito ukanigeukia. "Na wewe ni nani kwake?"

Moyo ulinidunda mpaka benchi likatikisika. Nikasema, "Jirani."

Mama hakugomba. Angegomba ningepona. Alinitazama tu, kisha akavua soksi zangu taratibu, akazikunja, akanirudishia.

"Jirani hakai foleni ya wagonjwa," ufito ukasema. "Mtoeni."

Shore akapiga chafya, nami nikatua kwenye matope kando ya kijito, pale pale pa zamani. Hakuna parachichi hata moja. Kichaka kimesimama, kinaota mbele ya macho yangu, fito zinapanda, zinapinda, ncha zinagusa ardhi na kutoa mizizi. Matunda yametoka, mekundu.

"Bado," kichaka kikasema. "Subiri yawe meusi."

"Sina muda huo!"

"Bado, dada."

Nikachuma hivyo hivyo. Miiba ikanichana mikono yote miwili na sikujali. Nikajaza soksi zote mbili, nikakimbia, na sijui nilirudi tumboni kwa njia gani, kwa sababu nilipita ndani ya kanisa letu, katikati ya mazoezi ya kwaya, na mwalimu wa kwaya akaniambia nisifungue mlango naingiza joto.

Mama bado alikuwa amesimama mbele ya ufito. Hakutaka kwenda kushoto wala kulia.

"Siendi," alikuwa anasema. "Namsubiri mwanangu."

"Si jirani ndiye aliyekuleta?" ufito ukauliza.

"Yeye ndiye aliyesema."

Jamani, mimi nilivunjika. Nikapenya katikati ya mbegu nikipiga kelele, "Ni mama yangu! Amenizaa mimi, mimi ndiye kitindamimba, ametuzaa wote sita! Andika!"

Ufito ukavua miwani. Ukaandika. Uliandika polepole mno. Mama akachukua soksi, akatia mkono ndani, akaanza kula, na alikuwa anacheka.

Nikaamka. Mto wa kulalia umelowa, jua bado kali dirishani, na jirani wa kweli anatwanga. Mikono yangu haina mkwaruzo hata mmoja. Nikajifuta uso, nikajiambia hizi ni ndizi tu.

"Bupe!" mama akaita kutoka sebuleni. "Niletee kijiti."

"Kijiti cha nini, mama?"

"Cha meno, kwani vipo vingapi?"

Siku ya tisa hiyo mama anakunywa uji mwepesi tu, tena niliuchuja mwenyewe kwenye chujio la chai. Nikapeleka kijiti. Akachokoa nyuma kabisa, kwenye gego lake la mwisho, akatema kitu kiganjani, akanionyesha. Mbegu, ndogo kuliko punje ya ulezi, bado ina ute mwekundu.

Nikaitazama mikono yangu tena.

"Zilikuwa chachu," mama akasema, akijifuta midomo na kanga. "Una haraka tangu utoto wako. Mwakani uzisubiri ziive."

"Sawa, mama," nikasema.