Taa ya Bluu

Mashine ya kukatia karatasi ilimkata dada yangu kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, akiwa kazini. Kiwanda kilekile cha uchapaji kilikubali kumjaribu Jumatatu kwenye meza ya kusanifu kadi. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Kompyuta anaijua vizuri. Kilichomshinda ni kipanya, maana vitufe vyake vya mbele vinataka vidole ambavyo hana tena.

Alhamisi akarudi na kipanya cha bei ya chini chenye taa za rangi, na ubavuni vitufe viwili ambavyo mtu huvipangia kazi anayotaka. Mwenye duka, tunayemwita Mzee wa Ofa, alimhakikishia kuwa kidole gumba kitatosha. Mimi hutengeneza redio na kompyuta. Hakuna aliyenifundisha, na labda ndiyo maana siamini kitu kabla sijakilaza mezani. Nikampigia simu mzee huyo.

“Fundi,” akasema, “hicho ni cha bei ya chini, siyo cha akili ya chini.”

Utamu wa maneno hayo ulinizidishia wasiwasi. Tulivipangia vitufe vya ubavuni kazi ya vile vya mbele, nikavibofya mara mia tano, kila hamsini nikiweka alama daftarini. Havikukosa hata mara moja. Dada akabadilisha taa, kutoka nyekundu iliyokuja nayo hadi bluu. Nikamwambia huo ni urembo tu, kuku havishwi shanga ili atage.

Ijumaa asubuhi taa ilikuwa nyekundu, na vitufe tulivyovipanga havikufanya kitu. Tukapanga upya. Jumamosi, nyekundu tena. Dada alikitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyemkuta akitoka chumba kisicho chake. Nilimshuku Mzee wa Ofa, kisha waya, kisha, Mungu anisamehe, nikamshuku mama. Yeye kila jioni hupita akichomoa kila kilichochomekwa ukutani, kwa kuogopa moto.

Nikamwomba mama aiache kompyuta usiku mmoja tu.

“Nyumba ikiungua, mwanangu, mtahamia ndani ya kipanya?” akauliza. Lakini akaiacha.

Jumapili taa ilikuwa bluu. Kumbe kipanya kilisahau kila kilipokosa umeme, na kesho yake kingechomolewa kwetu kikachomekwe kiwandani. Mama hakukiharibu. Alikifichua.

Nikakigeuza. Tumboni palikuwa na kitufe kidogo kama punje ya mtama. Karatasi ya kwenye boksi, kwa herufi za kuumiza macho, ilisema kibonyezwe kwa sekunde tano ili kipanya kihifadhi mipangilio. Nikabonyeza, kisha nikachomoa na kuchomeka mara kumi. Bluu mara zote kumi.

Jumatatu, kiwandani, dada aliomba akichomeke mwenyewe. Alikichomeka, akakichomoa, akakichomeka tena.

“Tumekuja kusanifu kadi au kucheza disko?” msimamizi akamuuliza.

“Nisubiri kidogo, bosi. Naitazama rangi kwanza.”

Ikawaka bluu. Akaweka kidole gumba ubavuni, akaanza.

Kazi ameipata. Kila jioni hurudi na kipanya mkobani, hakiachi kiwandani. Mimi hukichomeka, mama hukichomoa, na asubuhi kabla ya chai nakichomeka tena nione rangi. Mpaka leo ni bluu. Bado sijakiamini.