Mjumbe wa Ngazini

Kila asubuhi mama, fundi cherehani, alimimina chai jikoni chini, na baba, fundi saa, alikohoa ghorofani ili ijulikane ameamka. Walikuwa wamenuniana. Kisa walishakisahau, ila kununa hawakusahau. Kwa kuwa ni watu wazima wenye akili zao, walizungumza kupitia binti yao, Kipusa.

“Mwambie baba yako chumvi imekwisha.”

“Mwambie mama yako nimesikia,” sauti ilijibu kutoka juu, nayo ilifika chini vizuri tu. Hata hivyo, Kipusa alipanda, akashuka. Paka, aliyekataa kuwa upande wowote, aliishi katikati ya ngazi.

Jumatatu moja Kipusa alikaukiwa na sauti. Mwanasesere wake, aliyeshonwa kwa vitambaa vilivyobaki, akashuka rafuni, akakung'uta sketi na kupanda ngazi.

“Mama anasema chumvi imekwisha. Tena wewe ndiye uliyeimaliza.”

Baba hakuondoa lenzi jichoni. “Mwambie nimesikia. Na siku nyingine uwahi.”

Kuwahi kungemshinda mwanasesere, maana miguu yake ilikuwa pamba. Lakini wazazi walimpenda. Hakuwa na kazi za shule wala machozi. Mama alimshonea viatu. Baba alimtengenezea saa ndogo ya mkononi. Asubuhi wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, walimuuliza, “Umelalaje, mwanangu?”

Swali hilo Kipusa alikuwa amelisubiri tangu ugomvi uanze. Liliposemwa, halikusemwa kwake. Akaenda kukaa ngazini.

“Na mimi je?” alimuuliza paka kwa mnong'ono, sauti ikiwa bado haijarudi.

“Mimi paka,” paka akasema. “Ya kwenu siyawezi.” Lakini alimsogelea kidogo.

Kipusa aliona rafu iko wazi. Akapanda, akaketi, miguu ikining'inia, akasubiri atafutwe. Wakimtafuta, aliwaza, itabidi waulizane wenyewe.

Chakula cha mchana kikaliwa. Jioni mama akaingia, akasimama mbele ya rafu.

“Kumbe uko hapa!”

Moyo wa Kipusa ukaruka. Mama akamwinua, akamfuta vumbi mashavuni, akamnyoosha nywele, kisha akamrudisha palepale, akimwegemeza vizuri ukutani asije akaanguka.

“Mwambie baba yako,” alimwambia mwanasesere, “siku hizi mtoto ametulia.”

“Mwambie mama yako hata mimi nimeona,” sauti ilijibu kutoka juu.

Mwanasesere akafunga kamba za viatu vyake vipya, akaanza kupanda.