Kichupa cha Mama

Mama alipoombwa seli zake, alicheka mpaka akaegemea mlango wa jiko.

"Kwa hiyo chuo kizima kimekosa mate, mpaka mje kwangu?"

"Siyo mate, mama. Ni seli za shavuni. Hebu fungua mdomo."

Akafungua. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, akamsugua ndani ya shavu kwa kijiti chenye pamba, kisha akakifunga kijiti kwenye mfuko kwa uso mzito wa mpelelezi. Ilikuwa kazi ya mwaka wa kwanza wa biokemia: kila mwanafunzi alete seli za mzazi pamoja na zake mwenyewe, azipasue kwa sabuni na chumvi, atoe vinasaba, avihifadhi. Kitinda akapata vichupa viwili, kila kimoja na tone lake la maji maangavu. Akaviandika majina kwa kalamu, akavitia kwenye friza ya maabara, akavisahau.

Mwaka wa pili mama akafariki. Presha, ghafla, hata kuaga hakuaga.

Hapo ndipo kichupa kilipogeuka mboni ya jicho. Nyumbani nguo ziligawanywa, kitanda kikahamishwa, harufu yake ikaisha kwenye mito. Picha zilibaki, lakini picha hata ukiishika vipi ni karatasi tu. Ndani ya kile kichupa kulikuwa na mama mwenyewe, kitu kile kile kilichompa Kitinda vidole vifupi na hasira za karibu. Kaka mtu alipoambiwa hayo kwenye simu, alijibu kwa upole.

"Mdogo wangu, mama tulimzika. Hayuko kwenye friji."

"Yupo kidogo," alisema Kitinda, akakata simu.

Basi akawa anamtembelea mama. Mapenzi, jamani, yana wazimu wake. Kila masomo yalipombana, alifungua friza, akavitoa vichupa vyote viwili na kuvishika kiganjani. Na kwa kuwa alikuwa amefundishwa akafundishika, kwamba maabarani hugusi kitu bila kukipangusa kwa spiriti, alivipangusa kwa upendo kila mara kabla ya kuvirudisha. Mwanafunzi wa fani nyingine angevishika kwa mikono yake michafu akaenda zake, na haya yasingetokea. Spiriti inaua vijidudu, lakini wino nao haiuachi salama.

Aliyegundua ni Bwana Barafu, msimamizi wa mafriza, mtu mwenye moyo mzuri aliouficha vizuri. Friza mpya ilikuwa imefika, na kila kisicho na jina kilikuwa kinatupwa.

"Hivi viko kwenye sehemu yako. Kipi ni cha nani?"

Kitinda akavigeuza huku na huku. Majina yamefutika, vimebaki pacha. 

"Kimoja ni mama yangu. Marehemu."

Bwana Barafu akaweka sanduku chini. "Pole, binti yangu. Pole sana. Lakini sheria unaijua. Pima, ujue, uandike. Bila jina siwezi kuvihamisha."

Hapo kwenye kupima ndipo penye mtego. Kwa kutolewa na kurudishwa, matone yalikuwa yamepungua kwa kukauka, na kila kichupa kilibaki na ya kutosha kipimo kimoja tu. Akipima kimoja na kikawa chake, basi cha pili ni cha mama, salama. Kikiwa cha mama, atakuwa amemmaliza kwa mkono wake mwenyewe.

Aliviweka kiganjani akiomba moyo umwambie.  Mwishowe akabahatisha cha kushoto.

Alikipima sambamba na seli alizojisugua asubuhi ile. Jeli ya kutenganishia vinasaba ilipowekwa kwenye taa, mistari ikawaka: safu yake huku, safu ya kichupa pembeni. Kila sehemu ya vinasaba mtu ana mistari miwili, mmoja kapewa na mama, mmoja na baba. Kitinda akashusha kidole taratibu. Mmoja unalingana, mmoja hapana. Unalingana, hapana. Hivyo hivyo mpaka chini. Ingekuwa yake, ingelingana yote.

"Ni yeye," alimwambia Bwana Barafu aliyesimama nyuma yake. "Nimemmaliza."

Lakini hakuinuka. Mistari iliyolingana aliijua, alitembea nayo. Ndiyo iliyowafanya mama wadogo wamshike kidevu msibani na kuanza kulia upya. Ile mingine mama hakumpa. Ilikuwa ya mama peke yake, na Kitinda alikuwa hajawahi kuiona. Akamtamani mama yake mzimamzima, hata kwa yale asiyoyajua, akalia bila kujificha.

Bwana Barafu alisubiri, kisha akachukua kalamu na kile kichupa kilichobaki.

"Hiki sasa kina mwenyewe. Ni chako. Nikuhamishie?"

"Changu?" Kitinda alivuta kamasi. "Kitupe tu, baba. Mimi nipo."