Mbuzi wa Semina ya Huruma

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe kumi na mbili Oktoba mwaka 2024, kati ya saa tatu na saa nne asubuhi, wakati Thobias akipandisha mlima na spika ya parokia begani.

Siku hiyo ilikuwa arobaini ya mkewe, Scholastika. Kijiji chao kiko juu; unaiacha barabara ya Kisaki, unapanda kwa miguu saa nzima, na hapo ni kama mvua haijanyesha. Barabara ya gari huahidiwa kila uchaguzi, na kila uchaguzi watu hupiga makofi. Kwa hiyo Scholastika alipozidiwa aliteremshwa kwa machela, na aliyeshika mbele, peku, akikanyaga utelezi, alikuwa jirani yao Mansuri. Alipokata roho kabla hawajafika barabarani, Mansuri huyohuyo ndiye aliyempandisha tena. Kaburi likachimbwa na yeye na vijana wa msikitini. Viongozi wa jumuiya ya kanisa hawakuwepo. Walikuwa kwenye semina.

Semina yenyewe ilichukua siku tatu, ukumbini parokiani, na ilihusu huruma kwa majirani wasio wa imani yetu.

Thobias alimeza hilo. Alibaki na jambo moja tu moyoni: siku ya arobaini mbuzi achinjwe, na yeye na Mansuri wale sahani moja. Katika ukoo wa Scholastika, mfiwa asipokula na aliyechimba kaburi, msiba unakuwa bado umekaa ndani ya nyumba. Na mbuzi alikuwepo, beberu mwekundu, marehemu alimlea kwa maganda ya ndizi mpaka akawa anagonga mlango kwa pembe akicheleweshewa.

Ndipo Mwenyekiti Godfrey akaja. Godfrey ni mstaafu, mtu wa mafaili, alihamia huku baada ya kustaafu na mwaka wa pili akawa mwenyekiti wa jumuiya kwa sababu alikuwa na kalamu.

"Mzee Thobias, umebarikiwa," akasema. "Umezungukwa."

"Nimezungukwa na nini?"

"Na Waislamu. Semina inatutaka tufanye zoezi la vitendo. Tutalifanyia hapa kwako, siku ya arobaini."

"Mwenyekiti, Mansuri ni shemeji yangu. Mama yake na mama wa marehemu ni tumbo moja."

"Safi kabisa," akasema Godfrey, akaandika kwenye daftari: Walengwa, kumi na wanne.

Jumamosi hiyo alfajiri akamtuma Thobias barabarani akapokee spika na bango. Mfiwa, siku ya arobaini ya mkewe, anatumwa spika. Aliporudi, jasho likimchuruzika, akamkuta mbuzi ananing'inia kwenye mpera, ameshachunwa.

"Nani kachinja?"

"Mimi mwenyewe," Godfrey akasema, mikono yake bado myekundu. "Kwa upendo."

Thobias akatua spika chini taratibu. "Huku anachinja Mansuri. Krismasi, Pasaka, harusi, ubatizo, kisu ni cha Mansuri, ili wote wale. Hata mapadri waliotutangulia walimwita yeye."

"Tuliona tusiwasumbue. Mada ya pili ilisema wazi: tuwahudumie, wao wakae tu wapokee."

Thobias akamgeukia katekista Ezekiel, ambaye amezaliwa kilima hichohicho na amekula nyama alizochinja Mansuri tangu ana meno ya utoto. "Na wewe Ezekiel ulikuwa unaangalia?"

"Mimi nilishika miguu tu," akasema Ezekiel, akitazama bango.

Godfrey akamvuta Thobias pembeni. "Sikiliza, Mzee. Ndizi zitachanganywa na nyama hiyohiyo, hakuna chakula kingine. Na picha zinatakiwa jimboni. Wakiuliza, wewe nyamaza. Wasipojua si dhambi yao."

Hilo la mwisho lilimkaa Thobias kichwani. Ni kweli. Mansuri asipojua, hana kosa. Watakula sahani moja, msiba utatoka, na Scholastika atapumzika. Kunyamaza tu. Kitu kidogo.

Saa tano juu ya alama wageni wakaingia. Mansuri mbele, kanzu imepigwa pasi, mkononi kisu kimeviringishwa gazeti. Nyuma yake mkewe, Mwanvita, na jamaa wengine. Mansuri akamtafuta mbuzi kwa macho, akaona ngozi kwenye uzio, akaona sufuria linachemka.

"Karibuni sana wapendwa!" Godfrey akaita kwenye maiki, ingawa walikuwa hatua tatu kutoka kwake. "Kila kitu tayari. Leo ninyi ni kukaa tu."

"Amechinja nani?"

"Kachinjwa vizuri mno, mzee wangu."

"Nimemuuliza shemeji."

Thobias akaitazama sahani kubwa ya bati, ile ya Scholastika, aliyokuwa ameisugua usiku kucha kwa mchanga.

"Kachinja Mwenyekiti," akasema. "Ezekiel kashika miguu."

Mwanvita akacheka, kile kicheko chake cha kuwaokoa watu. "Haya jamani, leo tutakula harufu! Afadhali, nimeambiwa na zahanati nipunguze mwili."

Hawakuondoka. Walikaa, wakanywa chai ya rangi, wakasikiliza mada ya upendo saa nzima na robo, matumbo yakinguruma kuliko spika. Mwisho Godfrey akawapa kila mmoja sahani ya nyama aishike, wakapigwa picha, sahani zikarudishwa sufuriani. Picha ilitoka vizuri. Mpaka leo imebandikwa ukumbini.

Wanajumuiya walipoanza kula, Thobias aliondoka kwake. Alimkuta Mansuri barazani kwake, Mwanvita akiepua mihogo. Wakala, wawili, sahani moja, mihogo na chumvi. Kama msiba ulitoka kwa mihogo, hilo Thobias hajui. Usiku bado husikia mlango unagongwa kwa pembe.

Walipokuwa wakila, Mansuri alimuuliza swali, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei ya kabichi. Thobias akaahidi kulipeleka kwenye jumuiya.

Jumapili akasimama wakati wa matangazo, akauliza. Godfrey akatazama saa, akasema swali zuri, liandikwe kwenye fomu ya tathmini. Thobias aliishia darasa la nne, lakini aliliandika, kwa herufi kubwa, likavuka mistari. Fomu ikaenda parokiani, ikaenda jimboni, ikarudi na muhuri. Muhuri tu. Na swali bado lipo palepale, kwa mwandiko wake uliopinda:

SIKU TATU MLIKAA UKUMBINI MKITUJADILI, KWA NINI HAKUTOKA HATA MMOJA KUJA KUTUULIZA?