Kabla ya Kuizima Mashine

Mimi si mtu wa kusahau. Ndivyo nilivyokuwa nikijigamba pale hospitalini kwetu Mtwara, na ndiyo maana asubuhi ile ya Alhamisi, Agosti 2004, nilisoma mara mbili, kwenye skrini, tarehe ya mwisho mashine ilipowashwa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuweka toleo jipya la Linux, mfumo unaoendesha kompyuta, kwenye mashine kuu ya hospitali. Fundi mwenye akili haanzi kazi hiyo bila kuhakikisha kwamba mashine ikizimwa itawaka tena. Yetu haikuwa imezimwa tangu Machi, nilipobadilisha kiini cha mfumo, ile sehemu inayoamka kwanza mashine inapowashwa, na kufuta kile cha zamani. Sasa, kuna programu ndogo inaitwa Lilo, ambayo huandika mwanzoni mwa diski mahali kiini kilipo. Ukibadilisha kiini, lazima uiamuru iandike upya. Mimi sikuiamuru. Kwa miezi mitano mashine ilifanya kazi bila shida, lakini ingezimika mara moja tu, isingeamka. Na kila Jumatatu nilimwambia mganga mkuu kwamba kila kitu kiko sawa.

Niliona aibu kwanza, hofu ikafuata. Kabla sijagusa kitu, umeme ukakatika.

Betri ya UPS, inayoishikilia mashine kwa muda mfupi umeme ukikatika, ikaanza kulia. Ilikuwa na dakika sita, labda saba. Zamani jenereta iliibeba mashine pia, lakini tangu wiki ile ilihudumia chumba cha upasuaji tu.

Hapo akaingia Bi Mwanaisha, muuguzi wa chumba cha damu. Alisema kuna mzazi ameletwa kutoka Kitaya, Latifa, anatokwa na damu nyingi, na kundi lake ni O hasi, ambalo kwenye friji halimo. Ndugu zake wamepimwa, hakuna aliyelingana naye. Alitaka majina na simu za wachangiaji wa kundi hilo, na orodha ilikuwa ndani ya mashine tu.

"Nisomee, mwanangu, mimi naandika," akasema.

Nilijua la kufanya. Lakini kichwani niliwaza kitu kimoja: ikizimika sasa haitawaka, mganga mkuu atauliza kwa nini, na kazi sina. Nikamwambia Bi Mwanaisha asubiri kidogo, mashine inajipanga. Uongo mtupu. Nilikuwa naiamuru Lilo iandike. Ikakataa, maana sehemu ya diski inayoitumia ilikuwa imejaa. Nikaanza kufuta mafaili ya zamani moja moja, nikiogopa kufuta nisichopaswa. Nyuma yangu nilimsikia akihema. Hakuniharakisha, aliniamini.

Dakika nne zikaenda ndipo Lilo ikakubali. Nikafungua orodha. Wachangiaji kumi na mmoja, kila mmoja na kadi yake, na kadi hufunguka moja baada ya nyingine, taratibu. Nikasoma jina la Samweli wa bandarini, na simu yake. Nikasoma la Jesca, mwalimu, Ufukoni. Wa tatu alikuwa Josephu, na nilikuwa katikati ya namba yake skrini ilipogeuka nyeusi.

Bi Mwanaisha alikimbia na alichopata. Samweli alikuwa amesafiri kwenda Lindi. Simu ya Jesca iliita bila kupokelewa, akafuatwa darasani kwa pikipiki, akaja, akatoa chupa moja. Latifa alihitaji zaidi ya hiyo. Mtoto walimwokoa. Mama alifariki saa nane mchana.

Umeme ulirudi saa kumi. Nilibonyeza kitufe nikiwa na hofu kubwa kuliko ya asubuhi, maana sasa nilitamani isiwake, nisiyaone majina ambayo sikuwahi kuyasoma. Ikawaka vizuri kabisa, kama kitabu kinavyosema. Nikafungua kadi ya nne, kisha ya tano. Ya sita ilikuwa ya Ismaili, mlinzi wetu wa getini, aliyechangia damu kwao Mpapura mwaka mmoja kabla hajaajiriwa. Siku nzima alikuwa amekaa hatua arobaini kutoka kiti changu, akiwafungulia geti ndugu wa Latifa.

Mganga mkuu alisema ni umeme. Bi Mwanaisha naye alisema ni umeme, akanipa pole, na mimi nikaipokea. Mpaka leo sijamwambia.

Jioni nilipotoka, Ismaili alinifungulia geti. Aliniuliza kama umeme umeiharibu mashine.

"Hapana," nikamwambia. "Iko salama."