Nani Alilala Hapa

Ungetaka kujua ile ofisi ya takwimu ilitoka wapi na inaenda wapi, usingemuuliza shefu wake. Ungemuuliza Cibalonza, mwenye kuifagia. Shefu alikuwa anaona vinavyoingia. Cibalonza alikuwa anaona vinavyotoka.

Mwaka wake wa kwanza pale, kikapu cha takataka kilijaa maganda ya kreyo, zile kalamu za risasi, na makombo ya raba. Baadaye maganda yakapungua, zikaanza kutoka chupa za wino wa mashine ya kuchapisha, zile zinazokutia weusi mikononi siku mbili hata ukisugua na majivu. Na mwaka huu, mwezi wa saba, zikatoka katoni arobaini na sponji nyeupe inayolia ukiibana. Ndani ya kila katoni mulikuwa tableti moja.

"Papa Télesphore," akasema Cibalonza, "kreyo zimekufa. Sasa mimi nitafagia nini?"

"Utafagia sisi wazee," akajibu Papa Télesphore, akacheka mpaka akakohoa.

Huyu Papa Télesphore alikuwa mzee kuliko meza zote za ile ofisi. Aliingia mwaka wa themanini na nne, ile mara ya mwisho nchi nzima ilihesabiwa, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Walikuwa wanatembea na miguu, fishi, zile karatasi za kuandikia watu, ndani ya sanduku la bati, na chaki ya kuandika namba kwenye kila mlango. Baadaye zikaja vita, mvua ikapata njia ya kupita kwenye paa, na yeye akazibeba zile fishi mpaka kwake, akazianika uani kama muhogo, jiwe moja juu ya kila karatasi. Muke wake akafikiri kichwa cha bwana kimekwenda. "Batu wanalowana," ndiyo jibu lake. Kwake yeye haikuwa karatasi, ilikuwa watu. Tangu ule mwaka wa themanini na nne miaka arobaini ilikuwa imepita na hakuna aliyerudi kuhesabu nchi nzima. Sasa walikuwa wanajiandaa tena, na mtaa wa Bagira ulichaguliwa kwa majaribio.

Siku ya mafunzo Cibalonza alifagia ile sale, chumba kikubwa cha mikutano, pole pole sana, kuliko kawaida. Alisoma mpaka sita ya primeri tu, lakini masikio yake hayakuachaga shule. Papa Télesphore akasimama mbele ya vijana wenye diplome, akainua kidole.

"Musimuulize mama, 'Uko na batoto bangapi?' Hata siku moja. Huku kwetu mama hahesabu batoto yake. Kifo iko na masikio. Kikisikia saba, kinasema: ah, saba ni mingi, nikichukua moja, mama hataiona. Mumuulize majina. Kuhesabu ni kazi yenu, muifanye kimya kimya."

Guy, kijana wa Nyalukemba aliyevaa shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akainua tableti yake. "Papa, machine inaanza na namba. Bila namba haifunguki."

"Basi hiyo machine haina mama," akasema mzee.

Vijana wakacheka. Cibalonza naye angecheka, lakini sheria iliyofuata ilimkamata ufagio mkononi. Guy alikuwa anaisoma kwa sauti: mtu aliyeondoka nyumbani zaidi ya miezi sita si wa nyumba ile tena. Haandikwi pale.

Miezi sita. Bisimwa, kaka yake, alikuwa na miaka tisa tangu aondoke.

Alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Shabunda. Mwaka wa kwanza alituma salamu kwa mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese. Mwaka wa pili alituma kitenge. Kisha kimya. Na mama yao, Maman Rosalie, alikataa kile kimya kipewe jina. Padri alipomuuliza taratibu kama waombee misa, alimjibu: "Misa ya nani, padri? Mutu yuko safarini." Shefu wa avenyu alipomtoa Bisimwa kwenye daftari lake la wakaaji, Maman Rosalie alibeba kiti chake kidogo, akaenda kukaa mbele ya mlango wa shefu na kazi yake ya kushona, siku mbili. Siku ya tatu shefu akalichukua lile daftari, akamrudisha Bisimwa na biki nyekundu, akasema, "Maman, rudi kwako, wageni wangu banapita juu ya miguu yako." Kwa Maman Rosalie, mtu mwenye kuandikwa anapumua. Mwenye kufutwa, wamekwisha kumzika bila yeye kuitwa.

Sasa, ofisi ambayo binti yake mwenyewe anafagia ndiyo itakuja kumfuta.

Siku ya kwanza ya majaribio Guy alikwenda Bagira peke yake. Avenyu ya kwanza kuingia, ilikuwa ile ile ya kina Cibalonza, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yao, Maman Fanny.

"Maman, uko na batoto bangapi?"

"Mimi? Mumoja."

Nyuma yake rido, lile pazia la mlango, lilikuwa linatikisika, na chini yake mulionekana miguu isiyopungua kumi.

"Na wale, maman?"

"Ile ni upepo."

"Upepo iko na vidole?"

"Upepo ya Bagira iko na vidole, inaibaka hata sufuria. Andika mumoja, mutoto yangu, na Mungu akubariki."

Jioni Guy akarudi ofisini na nyumba kumi na saba, na watu thelathini na wanne. Papa Télesphore akaisoma ile namba, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Sasa Bagira imehama? Imeenda wapi, Minova?"

Guy akainamisha kichwa. Shati lake halikuwa na mikunjo tena.

"Kesho utaenda na Cibalonza," akasema mzee. "Ni avenyu yake. Na utabeba kreyo. Majina kwanza, kwenye karatasi. Kisha unatoka mbele ya mlango, unahesabu, unaipa machine namba yake, inafunguka. Machine haitajua."

Guy alipoondoka, Cibalonza alibaki anapangusa meza iliyokuwa safi tayari.

"Sema," akasema Papa Télesphore. "Ile meza itapata kidonda."

Akamwambia. Bisimwa, Shabunda, kiti mbele ya mlango wa shefu wa avenyu. "Papa, si majaribio tu? Tumuandike. Jina moja. Nani ataona?"

Mzee akavua miwani yake. Alipenda sana kumpa huyu binti kitu, maana kwa miaka mitano yeye tu ndiye aliyeuliza zile fishi kavu zinasema nini.

"Mu themanini na nne," akasema, "mama mumoja wa kule Walungu aliniomba hivyo hivyo. Bwana yake alienda Kindu. Nilikataa. Nikamuambia fishi haiulizi unamupenda nani, inauliza nani alilala hapa. Alilia, na mimi nilikuwa kijana, nikaona niko mutu mwenye akili sana." Akavaa miwani yake. "Sheria ni ile ile mpaka leo. Lakini sikumuambiaga ile yenye kubakia. Nilikuwa na haraka, nyumba zilikuwa mingi."

"Ile gani, Papa?"

"Kama bwana yake iko Kindu, kule Kindu kulikuwa mwenzangu, na yeye pia na chaki. Usiku ile ile. Anagonga mulango yenye yule bwana alilala ndani."

Cibalonza alimaliza meza, akachukua kikapu, akaenda kukimwaga. Mwenyewe pia alitaka Bisimwa aandikwe. Bisimwa ndiye aliyembebaga yeye mgongoni kwenda shule siku za matope.

Asubuhi yake wakapanda wote wawili, Guy na kreyo nyuma ya sikio. Kwa Maman Fanny, Cibalonza hakuuliza kitu, alikaa kwenye ngazi, akasema, "Maman Fanny, huyu anataka kujua majina ya ile upepo yako." Maman Fanny akacheka, akapiga makofi, akaita ndani: "Kuyeni!" Wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake, mpaka kreyo ya Guy ikachoka. Watu tisa. Nyumba ya pili sita. Nyumba ya tatu kumi na mmoja, na bibi mmoja mgonjwa ambaye jana hakutajwa hata kidogo. Kufikia saa sita avenyu ilikuwa imejaa tena watu wake.

Ikabaki nyumba yao.

Maman Rosalie alikuwa ameoga, amefunga kitenge, kile cha mwaka wa pili. Viti viwili vilikuwa vimepangwa na maji kwenye vikombe vya kioo. Huko ni kupokea mgeni. Tangu asubuhi alikuwa anamngojea.

"Karibu, papa," akamwambia Guy, vile wamama wanavyowaita vijana wao. "Andika vizuri. Wa kwanza ni Bisimwa."

Kreyo ya Guy ikasimama hewani. Alikwisha kusikia, njiani Cibalonza alimwambia. Akamtazama Cibalonza, akasema kwa sauti ya chini, na kwa Kifaransa, kwamba anaweza kuandika, ni jaribio tu, hakuna mtu atakuja kukagua nani analala wapi. Alisema hivyo kwa roho nzuri. Jana jioni, alipopotea njia kabla hajaifikia nyumba hii, mama huyu huyu alimpa viazi vitamu.

Cibalonza angeitikia kwa kichwa tu. Kuitikia kwa kichwa hakuna uzito. Mama angetabasamu, wangekunywa maji, na yote yangeisha.

Akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Maman, hii fishi inaulizaka nani alilala hapa. Bisimwa hakulala hapa."

Uso wa Maman Rosalie ukajifunga. "Na weye? Na weye pia?"

"Unisikilize kwanza. Siku ya kuhesabu ya kweli ikifika, banahesabu inchi muzima siku moja. Hapa kutakuwa Guy. Kule mu Shabunda kutakuwa Guy mwingine, na tableti yake. Mutu anaandikwa fasi moja tu. Ukimuandika Bisimwa hapa, yule wa kule akimukuta, machine itasema: huyu nimeshamuona Bagira, huyu ni uongo. Itamutupa. Maman, tukimuweka hapa, tunamunyima nafasi kule."

Nje kuku alikuwa anakwaruza. Maman Rosalie alimtazama binti yake muda mrefu, vile mtu anaangalia kitambaa kabla hajakikata.

Kisha akamgeukia Guy. "Bale benzako banafikaka kule? Mu pori? Usinidanganye, papa."

Guy akaweka kreyo chini. "Maman, hii ya leo ni ya kujaribu. Ya kweli bado haina tarehe. Lakini mupango iko: kila fasi yenye mutu analala. Hata mu mahema ya wachimbaji. Fasi motokari haifiki, pikipiki. Pikipiki ikikwama, miguu. Kwamba watafika, siwezi kukuapia. Kutafuta, watatafuta."

"Watagonga?"

"Watagonga."

"Miaka tisa," akasema Maman Rosalie, "hakuna mutu mwenye alienda kumugongea. Mimi nilikuwa nalinda hapa tu." Alishika pindo la kitenge, akalilainisha kwenye goti. "Basi uwaambie wale wenzako. Wasimuulize iko na bangapi. Yule nilimulea mimi, atawadanganya, atasema mumoja. Wamuulize jina."

"Nitawaambia, maman."

"Andika sasa. Wa kwanza ni mimi, Rosalie. Halafu Cibalonza."

Akaendelea: wajukuu wawili, watoto wa marehemu dada yake Cibalonza, na mpangaji wa chumba cha nyuma. Watano. Aliyataja majina bila haraka, na palipokuwa nafasi ya Bisimwa alivuta pumzi tu, akapita. Cibalonza aliona vile ilimchukua nguvu. Guy alitoka nje, akahesabu, akaipa machine namba yake, ikafunguka. Aliporudi kuaga, Maman Rosalie alikuwa bado amekaa pale pale, lakini macho yake yalikuwa mbali, na hayakuwa macho ya kulia.

"Papa, kidogo," akasema. "Miaka tisa ni mingi kwa kijana kukaa bila muke."

"Ni mingi, maman," akasema Guy.

"Kama iko na batoto kule, bale banaandikwaka wapi? Hapa kwa bibi yao?"

"Hapana, maman. Fasi wanalala. Na baba yao."

Maman Rosalie akafikiri kidogo. Midomo yake ilikuwa inasogea bila sauti, na Cibalonza, aliyemjua, akaelewa kwamba mama yake alikuwa anatafuta majina.

"Basi iko muzuri," akasema. "Wawaandike wote."