Kuku wa Mlangoni

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Nimeolewa nyumbani kwake hapa Kinyangiri, nimemzalia mjukuu, nateka maji anayonawa, lakini jina lake halijawahi kutoka mdomoni mwangu, na hapa pia halitatoka. Ndivyo nilivyofundishwa. Katika nyumba yetu mke wa mwana hali chakula mbele ya mkwe wake, hakai naye benchi moja, hapiti karibu mpaka nguo ziguse. Akimwamkia, anamwamkia kwa mbali, amepiga goti. Na mkwe naye, akiwa na neno, hamwambii uso kwa uso. Anatuma mtu.

Kwetu aliyekuwa akitumwa ni mwanangu Kefa, ambaye hata kusimama dede alikuwa hajaweza.

"Kefa," baba mkwe angesema, huku mtoto akitafuna ukingo wa kanga yangu, "mwambie mama yako mbuzi wameingia kwenye vitunguu."

"Kefa," ningejibu nikiwa nimegeukia ukuta, "mwambie babu nimesikia, naenda."

Kefa angecheka na kudondosha udenda. Ujumbe umefika pande zote mbili.

Mwaka huo nilikuwa nasoma darasa la jioni pale shule ya msingi. Niliacha shule kidato cha kwanza, nikaolewa, nikaona bado nina njaa ya kusoma. Jioni moja Mwalimu Yohana alikuwa anatufundisha habari za hifadhi za taifa, akauliza nani amewahi kumwona twiga. Rafiki yangu Evodia akanyoosha mkono.

"Mimi, mwalimu."

"Wapi?"

"Kwenye mfuko wa saruji."

Tulicheka mpaka kibatari cha mama mmoja kikazimika. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani tulikuwa hatucheki tena. Watu wanapanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuwaona wanyama hawa, na sisi tunaoishi mwendo wa nusu siku tunawajua kwa picha ya kwenye mfuko wa saruji. Ndipo tukaamua: tukishavuna alizeti tunakwenda Tarangire. Nikachaguliwa mimi kupanga safari. Evodia alisema ni kwa sababu nauliza maswali mpaka watu wanajibu ili wapumzike.

Mwalimu alinipa namba ya Calist, mwongoza watalii anayeishi Kwakuchinja, karibu na lango la hifadhi. Calist ni mtu wa maneno mengi kwenye simu. Aliniuliza nani hutapika kwenye gari, nani ana ujauzito, nani ana presha. Alinieleza kwamba alfajiri ni baridi, watu wabebe masweta. Ndani hakuna kushuka garini hovyo, hakuna kupiga kelele, hakuna kumrushia nyani ndizi. Nikamwomba anifundishe habari za wanyama pia, maana sikutaka watu wangu wafike pale wakitumbua macho tu. Akawa ananitumia maelezo kwa sauti. Nilikuwa nayasikiliza huku napepeta alizeti, kisha namsimulia Kefa: huyu nyumbu, huyu pofu, huyu kuro, yule wa kuchimba ni ngiri. Kefa alipenda ngiri. Kila nikimtaja alipiga makofi.

Siku moja Calist akaniambia neno ambalo lilinikosesha usingizi kwa furaha.

"Mama Kefa, huko Singida sina mtu. Kundi hili ukilileta salama na likaondoka linacheka, kila kiangazi nitakuwa nakupa makundi ya kupanga na kuja nayo. Shule, vikundi vya akina mama, kwaya. Ila kundi la kwanza ndilo kipimo, na lazima uwe nalo mwenyewe."

Kazi ya kutumia kichwa changu. Mume wangu Noel yuko Itigi, anafanya vibarua vya stesheni, anarudi akipata nafasi. Nilimpigia kumweleza, akasema, "Jenifa, hiyo kazi ishike kwa mikono miwili."

Mambo yalianza kuharibika palepale. Gari lilikuwa la abiria saba, na saba ndio tuliojigawia gharama. Mwenzetu mmoja akapata kibarua mjini, akajitoa. Na nyumbani baba mkwe alikuwa hajasema kitu. Jioni hiyo akamweka Kefa gotini.

"Kefa, mwambie mama yako, mke wa nyumba hii halali ugenini bila mtu wa nyumba hii."

Mama mkwe, Dorkas, alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Usiniangalie mimi. Mimi natapika gari likiwa bado limezimwa."

"Na Noel hana ruhusa ya kazini," baba mkwe akasema.

"Hana," mama mkwe akajibu.

Akamrusharusha Kefa gotini kwa muda. "Basi nitakwenda mimi."

Kisu cha mama mkwe kikasimama. "Wewe? Gari moja na mkweo?"

"Gari lina viti vingi."

"Lina viti, halina vyumba."

"Mama Noel, menya viazi."

Kwa hiyo kiti cha saba kilipata mtu na ruhusa nikaipata, vyote kwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye ambaye sikuweza kukaa naye. Calist alipotaka majina ya wageni niliyataja yote sita bila kukwama. La saba likanisimamia kooni.

"Wa saba nani?"

"Ni mzee."

"Mzee nani?"

"Mzee wa hapa nyumbani."

"Mama Kefa, langoni siwezi kuandika mzee wa hapa nyumbani."

Nikampelekea simu Evodia aliyekuwa kisimani, akalitaja jina kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde, kisha akanirudishia simu huku akifa kwa kicheko.

Usiku ule nilipanga punje za mahindi juu ya ungo, mama mkwe akishika taa. Punje nyeupe ilikuwa baba mkwe, nyekundu mimi. Nikamweka yeye mbele, kando ya dereva. Nikajiweka mimi nyuma kabisa. Katikati nikawajaza watu watano kama ukuta. Mama mkwe alitazama, akasema, "Hapo sawa. Hata mabibi zetu wasingelalamika."

Kesho yake nikamweleza Calist kwa fahari. Akacheka kwa upole.

"Wa mbele haoni vizuri, dada. Paa linafunguliwa huku nyuma. Tembo wakitokea, wote mnasimama pamoja mnachungulia. Bega kwa bega, kama viazi kwenye gunia. Sasa huyo mzee unamleta aje amwangalie dereva?"

Nikimwacha mbele, nimemnyima alichofuata. Akija nyuma, nitamgusa bega mbele za watu, na yeye atarudi nyumbani amebeba aibu. Nilijua pia kwamba hangekubali kusimama. Angekaa pale chini akitazama miguu ya watu, na kundi langu la kwanza lingekuwa na mtu mmoja aliyekwenda Tarangire kuangalia viatu.

Nikamwambia mama mkwe kwamba nitabaki. Evodia atawaongoza, maelezo ya Calist nitampa ayasikilize. Nilijitahidi kusema kama mtu anayesema chumvi imeisha. Lakini mama mkwe alinitazama, akachukua Kefa mgongoni mwangu.

"Na ile kazi?"

"Itapatikana nyingine."

"Wapi? Hapa Kinyangiri?" Akamfunga Kefa mgongoni kwake. "Hili neno usimtume mtoto. Nitampelekea mwenyewe."

Sikusikia walichozungumza. Kwa siku mbili baba mkwe hakumtuma Kefa hata mara moja. Siku ya tatu nikamwona asubuhi na mapema anamkimbiza tetea mweupe, yule aliyekuwa anataga, akizunguka banda kama kijana. Alipomkamata alimtia kwenye tenga dogo na kulifunga kwa kamba ya katani.

"Kefa," akasema huku akihema, "mwambie mama yako afungashe. Tunakwenda wote."

"Kefa, muulize babu tutakaaje?"

"Kefa, mwambie mama yako afungashe."

Nikafungasha. Nilidhani kuku ni zawadi ya kumpa Calist, na nikaona haya kidogo, kwa sababu Calist alinieleza sheria zote za hifadhi na mimi sikufikiria kumweleza baba mkwe hata moja.

Kwenye basi kutoka Singida yeye alikaa mbele, mimi nyuma, tenga miguuni pake. Kefa alisafiri sana siku hiyo. Alipitishwa mkono kwa mkono juu ya vichwa vya abiria kuja kuniambia nifunge dirisha, akarudishwa kwenda kusema limekwama. Mama mmoja wa Babati aliyempokea mara tatu akauliza, "Huyu mtoto analipwa?"

Tulilala gesti Kwakuchinja. Alfajiri Calist akafika na gari lake, mtu mfupi wa kofia pana, mchangamfu kama nilivyomsikia. Alisalimia kila mtu kwa jina, akamwamkia baba mkwe shikamoo, kisha tenga likalia.

"Mzee, humo kuna nini?"

"Kuku."

"Ah. Kuku haingii hifadhini, mzee wangu. Mnyama wa kufugwa haruhusiwi."

"Na mimi nilidhani tumekuja kuona wanyama," Evodia akasema. "Wa kwanza huyo."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama upande wa pili wa gari na Kefa kifuani, nikifikiri, ndiyo haya, kipimo changu kimeanza kwa kuvunja sheria hata kabla ya lango.

"Haingii," baba mkwe akakubali. "Safari yake inaishia hapa."

Akalifungua tenga, akamtoa tetea na kumshika mabawa vizuri, akaja mpaka kwenye mlango wa gari uliokuwa wazi. Akasimama pale.

"Kwetu," akamwambia Calist, ingawa wote tulisikia, "bibi harusi akiletwa hasogei. Anasimama mlangoni mpaka wenye nyumba wampe kitu. Akishapokea, anaingia, na mlango huo si wa wageni kwake tena. Huyu mke wa mwanangu alipokuja kwangu nilimfungulia mlango wa nyumba. Mlango wa gari sikuufikiria. Nani angeufikiria?"

Baba mkwe akamweka tetea sawa mikononi.

"Ningempa kule nyumbani, ingekuwa nimempa jikoni tu. Kitu hutolewa mlangoni."

Akaninyooshea kuku. Evodia akamchukua Kefa. Nilipiga goti pale kwenye kokoto, nikapokea kwa mikono miwili, tetea akiwa na joto na moyo wake ukidunda vidoleni mwangu. Niliinamisha kichwa, na yeye akainamisha chake. Mama mwenye gesti akajitolea kumtunza kuku mpaka jioni, akaapa kwamba yai likitagwa litakuwa langu.

Tukaingia. Calist alifungua paa tulipovuka lango, jua likiwa bado changa na majani makavu yana rangi ya ngozi ya simba. Tembo wa kwanza tuliwakuta wanateremka mtoni, wakubwa mbele, watoto katikati. Watu wote wakasimama. Nami nikasimama, Kefa mgongoni, na upande wangu wa kushoto, bila nafasi hata ya kupitisha mkono, akasimama baba mkwe. Bega lake lilikuwa gumu na lilinuka moshi wa nyumbani. Hakulitoa.

Tembo mdogo aliteleza kwenye tope, mama yake akamsukuma kwa mguu, na kwenye koo la baba mkwe nikasikia kicheko kinazuiwa kwa sababu ya sheria ya kelele.

Kisha kwenye nyasi za upande wa pili akatokea mnyama mwingine, manyoya mazito shingoni, ametugeuzia mgongo. Baba mkwe akainamisha kichwa kumtafuta Kefa.

"Kefa," akanong'ona, "muulize mama yako, yule mwenye duara jeupe... huko nyuma... anaitwaje?"

Kefa alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, shavu limebonyea mgongoni kwangu.

Baba mkwe akamtazama mjumbe wake. Akatazama mto. Akakohoa.

"Jenifa," akasema.

"Abee, baba."

"Yule anaitwaje?"

"Ni kuro, baba. Anapenda kukaa karibu na maji."

"Kuro," akarudia polepole. Kisha akanyoosha kidole mbali zaidi, penye vumbi jekundu. "Na wale?"